Tignes, kijiji kilichozamishwa
Bwawa jipya la umeme likitajwa kwenye taarifa ya habari, hutajwa megawati kwanza, watu baadaye. Tignes kilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji katika bonde la mto Isère, kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nchi ilihitaji umeme wa kufufua viwanda, na bwawa likapangwa kujengwa bondeni humo. Wanakijiji wakagoma kuhama. Mwaka 1952 polisi waliwatoa, makaburi yakahamishwa, maji yakapanda nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 180 hivi. Lilijengwa kanisa jingine, nakala ya lile la zamani. Malisho ya bondeni, je? Umeme ulihitajika, sikatai. Lakini anayehamishwa aulizwe kabla mkandarasi hajapewa kazi.