Moto wa kale, moshi wa leo
Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, watafiti walikuta majivu ya nyasi na mifupa iliyoungua, mita 30 hivi kutoka mlangoni, vyenye umri wa takriban miaka milioni 1. Radi haifiki humo. Moto ule uliingizwa na mtu. Tangu enzi hizo tumepika, tumeota moto, na baadaye sana tukafua chuma. Hata hivyo, mamilioni ya akina mama bado wanapuliza kuni kwenye mafiga, machozi yakiwatiririka. Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila mkaa hununuliwa kwa kopo, gesi kwa mtungi. Gesi ya kulipia kidogo kidogo isipofika vijijini, moshi hautatoka jikoni.