Simu Nayo Ni Mwalimu wa Sayansi

Ndugu wahitimu wa kisomo,

Leo tuzungumze juu ya simu na somo la sayansi.

Sayansi ni nini? Ni kutazama kitu kwa makini, kuuliza kwa nini kiko hivyo, halafu kujaribu. Mkulima anayepanda mistari miwili kwa samadi na miwili bila samadi, kisha akalinganisha mavuno, huyo anafanya sayansi.

Watoto wetu wanasoma sayansi, lakini shule nyingi za vijijini hazina vifaa vya kutosha. Mtoto anakariri habari za umeme bila kushika waya. Akishindwa mtihani, watu husema sayansi si ya watoto wa shamba, tena si ya wasichana. Ndugu zangu, hiyo si kweli. Kinachopungua ni vifaa, siyo akili.

Siku hizi baadhi ya vifaa hivyo vimo katika simu yenye mtandao. Nitataja vitatu. Vyote ni bure. Utalipia bando tu.

Cha kwanza ni Ubongo Kids. Hizi ni katuni za Kiswahili zilizoanza hapa Tanzania mwaka 2014. Zinafundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Zinafaa watoto wa shule ya msingi.

Cha pili ni maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Humo mna vitabu vya kiada. Ikiwa darasani kitabu kimoja kinasomwa na watoto wengi, mtoto aweza kukisoma nyumbani kwa simu. Na wewe mzazi unajua kusoma. Kaa naye, msome pamoja.

Cha tatu ni PhET, cha Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Kilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Humo mtu hufanya majaribio kwa kusogeza vitu kwenye kioo. Baadhi ya majaribio yamo kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye kompyuta aweza kuyapakua mahali penye mtandao, akayatumia darasani bila mtandao.

Lakini simu ni kama jembe. Jembe halilimi lenyewe. Mtoto akishaona katika simu, ajaribu kwa mikono yake. Tuchukue mfano wa umeme. Tafuteni betri mbili za tochi, glopu ndogo ya tochi na vipande vitatu vya waya. Pangeni betri kama zinavyokaa ndani ya tochi, kisha ziungeni na glopu. Itawaka. Achieni waya mmoja. Itazimika. Kwa nini? Kwa sababu umeme hupita katika njia iliyokamilika tu. Sasa acheni mwanya kati ya waya mbili. Uzibeni kwa msumari, halafu kwa kijiti. Kwa msumari glopu inawaka, kwa kijiti haiwaki. Mwacheni mtoto aeleze sababu mwenyewe.

Angalieni mambo mawili. Msiunganishe ncha mbili za betri kwa waya mtupu bila glopu. Waya utapata moto. Na kamwe msijaribu kwa umeme wa ukutani. Huo unaua.

Jambo la mwisho ni uongo. Simu hiyo hiyo huleta habari za uongo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, dawa nyingi zisizo za kweli zilitangazwa kwa simu. Kwa hiyo kila ukisoma habari, jiulize: Nani amesema? Amejuaje? Wataalamu wengine wanasema nini? Habari ya dawa usiijaribu nyumbani. Mwulize mganga wa zahanati.

Kama nyumba haina simu ya namna hiyo, majirani waungane. Simu moja yatosha watoto watano, na bando likachangiwa. Mzazi awepo, apange saa, na binti apewe zamu yake sawa na kaka yake. Asiambiwe aoshe vyombo wakati wenzake wanajifunza.

Ndugu zangu, ninyi mlijifunza kusoma mkiwa watu wazima. Mnajua thamani ya mlango uliofunguliwa. Wafungulieni watoto huu nao.