Tusidanganywe na Rangi ya Simu

(Hotuba kwa vikundi vya ushonaji na vijana wachoraji, Likoni)

  Tunawashukuru hasa nyinyi mliovuka feri asubuhi kutoka Kisauni na Changamwe.

Leo tumeombwa tuzungumzie rangi, na tutaanza na hasara. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokisaidia kilipata oda ya sare 30 za kwaya. Kwaya ilitaka zambarau ile ile iliyo kwenye pindo la leso fulani. Akina mama wakaipiga picha leso usiku, chini ya taa ya balbu. Programu ya simu ikawatolea rangi, kwaya ikaiona kwenye simu ikakubali, na kitambaa kikanunuliwa kwa kuangalia simu hiyo hiyo. Mchana, sare zikaonekana damu ya mzee! Kwaya ikazikataa, na pesa za kikundi zikalala kabatini. Na sisi washauri tuna lawama, kwa sababu hatukuuliza mapema.

Sasa jamani, simu ilikosea wapi? Picha ya simu ni nukta nyingi ndogo ndogo. Kila nukta ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Leso yenye rangi tatu, kwenye picha huwa na maelfu, maana kila kunyanzi na kila kivuli kina namba zake. Programu huzikusanya zinazokaribiana, hutafuta wastani wa kila kundi, halafu hukupa rangi tano au sita. Basi. Haijui ipi ni leso na ipi ni ukuta. Na mwanga wa balbu ukiwa wa manjano, yenyewe huhesabu huo umanjano pia.

Kwa hiyo tukubaliane mambo manne:

Kwanza, tupige picha mchana, nje, kivulini, bila flashi. Tuweke karatasi nyeupe kando. Karatasi ikitokea ya manjano pichani, picha hiyo tuiache.

Pili, tukate picha ibaki kile tunachokitaka tu. Programu hupendelea rangi iliyoenea. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Maandishi ya jina ni membamba, na rangi yake inaweza kupotea kabisa, ingawa ndiyo jicho la leso. Hiyo tuiguse wenyewe kwa kidole.

Tatu, tusinunue kitambaa kwa kuangalia simu. Rangi ya simu ni mwanga, ya kitambaa ni dawa iliyoingia kwenye uzi. Hata wachapaji hutumia wino wa aina nne, na kuna rangi za kioo cha simu ambazo wino hauzifikii. Tuchukue kipande cha kitambaa au uzi, twende nacho Biashara Street, tutoke nacho nje ya duka, tukilinganishe juani.

Nne, mteja atie sahihi kwenye kipande hicho kabla hatujagusa pesa yake ya rubuni. Kipande kimoja kibaki kwake, kingine kwetu.

Vijana mnaochora mabango na tuktuk, hayo yanawahusu pia. Lakini kumbukeni: rangi haina mwenyewe, mchoro una mwenyewe. Chukueni rangi za leso, msiibe ua la mtu.

Hatusemi simu ni mbaya. Inatusaidia kuona kwamba kuti kavu, kutu ya bati na maji ya kivuko vinaweza kukaa pamoja kwenye mkoba mmoja na ukapendeza. Lakini simu ipendekeze, jicho liamue, na iwe mchana.

Wale akina mama hawakuvunja kikundi. Wamepunguza sare tatu tatu, wanauza mikoba. Wako hapa leo, waulizeni.