Kabla ya kukodi shamba kule Ruzizi: tujue udongo wake

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanamemba, Bukavu

Tuliombwa tuseme juu ya udongo wa tambarare ya Ruzizi, ile huku tumezoea kuita plaine. Wengine walicheka: udongo unasemwa nini saa nzima? Lakini wale waliopanda kule msimu uliopita hawakucheka.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipopokea familia zilizorudi, tuliwatafutia mashamba ya kukodi kati ya Luvungi na Sange. Tuliona ardhi iko wazi, tambarare, haina mawe, mto uko karibu. Sisi watu wa Bukavu tumezoea kulima mlimani, udongo mwekundu unaoteremka na mvua, kwa hiyo tuliona ile fasi kama zawadi. Tukagawa mbegu ya maharagi, ile ile tunayopanda huku juu. Kwa wengine iliota vizuri. Kwa wengine ilitoka, ikafanya majani mawili, ikaungua pembeni kama imepitishwa kwenye moto, ikakufa. Mama mmoja alituambia: « Wanangu, mimi nililima kambini Tanzania miaka mingi, najua kulima. Hapa chini kuna chumvi. » Tulimjibu kwamba ni jua kali. Kumbe yeye njo alikuwa na haki.

Sasa, ile chumvi inatoka wapi? Muangalie mto wenyewe. Ruzizi unatoka kwenye ziwa Kivu hapa hapa Bukavu, kwenye mita karibu 1.460, unashuka kwenye makorongo mpaka Kamanyola, unaishia ziwa Tanganyika kwenye mita karibu 770. Kutoka Kamanyola kwenda chini bonde linapanuka, maji yanapunguza mbio, yanaacha kile yalichobeba. Mchanga mzito unaanguka kwanza, ule udongo laini unaenda mbali, ule wa mfinyanzi unaanguka mwisho kabisa, fasi maji yamesimama. Mito midogo inayotoka milima ya upande wa magharibi inafanya vile vile, kila mmoja unamwaga mzigo wake. Ndiyo sababu ndani ya shamba moja la ari 50 unaweza kupata mchanga huku, na hatua mia mbele unapata potopoto nyeusi inayoshika kiatu. Wasomi wanaita udongo wa namna hii fluvisoli, maana yake tu ni udongo ulioletwa na maji.

Mpaka hapo ni habari nzuri. Udongo ulioletwa na mto ni mchanga kwa umri, haujachoka kama ule wa milimani, una chakula cha mimea. Shida ni jua. Milima inazuia mvua, na plaine inapata chini ya milimeta 1.000 kwa mwaka wakati Bukavu inapita 1.300. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi kikavu kabisa. Maji yaliyo chini ya ardhi yanapanda polepole kama mafuta kwenye utambi wa taa, yanafika juu, jua linayanywa, chumvi inabaki. Na msisahau kwamba maji ya ziwa Kivu yenyewe yana chumvi zilizoyeyuka. Sehemu kubwa ya chumvi iliyo kwenye Tanganyika ilipitia Ruzizi. Kwa hiyo ukichagua maji ya kumwagilia, yale ya mto mdogo wa mlimani kwa kawaida ni mazuri kuliko ya Ruzizi.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kule Irak, kati ya Tigris na Euphrates, watu walimwagilia udongo kama huu maelfu ya miaka, na fasi nyingi chumvi ikawashinda kwa sababu maji yaliingia shambani bila njia ya kutoka. Kaskazini ya Kenya, Turkana, watu wanalima pembeni ya mto Turkwel katikati ya jangwa, kwenye ukanda mwembamba ulioletwa na mto.

Basi mtu anajuaje, bila laboratwari? Tunafanya mambo matatu.

Kwanza ni macho. Nenda mwisho wa kiangazi, si wakati wa mvua. Ukiona unga mweupe juu ya ardhi, au vipara fasi hata nyasi hazioti, uliza sana. Mwenye shamba atakupeleka asubuhi wakati wa mvua, kila kitu kibichi. Hapana. Rudi Agosti.

Pili ni chupa. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, jaza udongo mpaka theluthi, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa nguvu, weka chini. Mchanga unakaa chini karibu mara moja, ule laini wa katikati unafuata kwa saa moja au mbili, mfinyanzi unangoja mpaka kesho. Utaona mistari na utapima kwa kidole kipi ni kingi.

Tatu ni donge. Weka donge dogo kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, bila sabuni na bila kutikisa. Ikiwa pembeni yake panatoka wingu kama maziwa, huo udongo una sodiumu nyingi. Ukilowa unafunga kama saruji, maji hayaingii, mbegu inakwama chini ya gamba. Huo ni mbaya kuliko ule wenye chumvi ya kawaida, kwa sababu chumvi ya kawaida unaweza kuiosha kwa maji mengi ukiwa na mfereji wa kuyatoa. Wenye sodiumu unahitaji jasi, na jasi kuisafirisha mpaka Sange ni gharama ambayo MUSO yetu haiwezi. Samadi na maganda ya mupunga yanasaidia, lakini ni kazi ya miaka, na mtu anayekodi kwa msimu mmoja hawezi kutengeneza ardhi ya mwingine.

Kuhusu mazao tutasema haraka. Kwenye mchanga wekeni karanga na muhogo. Mfinyanzi mweusi unaoshika maji ni wa mupunga, na si ajabu kwamba mupunga wa plaine unajulikana mpaka masoko ya Bukavu. Ule wa katikati unabeba mahindi, tomati, vitunguu. Maharagi usipeleke kabisa fasi penye dalili ya chumvi, ni kati ya mimea inayoogopa chumvi zaidi. Pamba inavumilia. Na wale wanaotaka kufyatua matofali: mfinyanzi mweusi unapasuka ukikauka, changanya na mchanga ama tafuta kwingine.

Pembeni kabisa ya mto udongo ni mzuri kuliko wote. Lakini kuna mafuriko, na kuna viboko, na kiboko haulizi kama umelipa kodi.

Sasa kitu ambacho kimetuleta hapa. Familia zile zilizopoteza maharagi bado zina deni la mbegu kwenye MUSO. Wengine kwenye komite walisema deni ni deni. Sisi tunasema mbegu ile tuliichagua sisi, na shamba lile tulilionyesha sisi, kwa hiyo haiwezekani mama yule alipe kosa la agronomu. Tunaomba wanamemba wapige kura leo deni lile lifutwe, na wafadhili waruhusu sehemu ya pesa ya mbegu itumike kuchimba mfereji wa kutoa maji kwenye mashamba yaliyobaki kwenye kontra.

Na kwa msimu A unaokuja, hatutatia tena sahihi kwenye kontra yoyote ya kukodi kabla ya kupita shambani mwisho wa Agosti na chupa mkononi. Yule mama amekubali kutembea pamoja na sisi. Anayetaka kuja aandikishe jina kwa sekretari. Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kila mtu alete chupa yake.