Je, Tununue Bima ya Meno?
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi)

Leo tuongee juu ya jino. Likianza kuuma usiku, asubuhi mtu huuza hata kuku wa mayai. Kwa hivyo wakala akija na karatasi za bima ya meno, maneno yake huwa matamu. Lakini tusitie sahihi kabla ya kupiga hesabu.

Tuchukue mfano. Kikundi kina watu 20, na bima inataka shilingi 2,400 kwa kila mtu kwa mwaka. Hizo ni 48,000. Sasa mweka hazina aulize: mwaka jana meno yalitugharimu pesa ngapi? Tuseme watu 5 waling'oa kwa 1,000 kila mmoja, na 2 waliziba kwa 3,000. Jumla ni 11,000. Mnaona tofauti? Tukichanga 50 kila mwezi, kwa mwaka tunapata 12,000, na zikibaki ni zetu. Wekeni bei za hospitali ya kwenu, mhesabu upya.

Kama bado bima inavutia, tuulize maswali manne. Inaanza kulipa baada ya miezi mingapi? Kwa mwaka mwisho wake ni shilingi ngapi? Inakataa nini, labda meno bandia? Na daktari anayekubali kadi hiyo yuko wapi? Akiwa mbali, nauli itakula faida yote.

Bima hufaa hasa kwa hasara kubwa ya ghafla, kama kuvunjika taya na kulazwa. Basi kila jamaa ijiandikishe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wasio na mshahara hupimwa mapato yao, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Tuulize hospitalini ni huduma gani za meno zinazolipiwa.

Lakini kuoza kwa jino si ajali. Huja polepole, kwa sukari na uchafu. Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na tuwapunguzie watoto peremende na soda. Tundu dogo lizibwe mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uso ukivimba, pamoja na homa au shida ya kumeza, ni hospitali mara moja. Hapo mfuko utoe pesa kwanza, mkutano baadaye.

Pesa ni za wote. Hesabu isomwe mbele ya wote, ndipo tuamue.