SIMU IKIZIMWA, CHAMA KISIZIMIKE

(Hotuba ya Halmashauri ya Tawi, iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Jumapili)



Halmashauri imetutuma tuseme nanyi leo juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri mpaka siku linapotupata. Jambo lenyewe ni hili: mtandao wa simu ukizimwa kwa amri ya Serikali, sisi wafanyakazi tutapashana habari kwa njia gani? Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya wanasiasa, kazi ya chama ni mishahara na saa za kazi." Tunawaomba ndugu hao watusikilize kwanza, kisha wahukumu.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Mnakumbuka Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024. Siku ile vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na Bunge likaingiliwa. Siku moja kabla, wakubwa wa mawasiliano walikuwa wamesema kwamba hawana nia ya kuzima mtandao. Hata hivyo siku yenyewe intaneti ilidhoofika nchini mwetu na kwa majirani. Tukaambiwa ni nyaya za chini ya bahari zilizopata hitilafu. Wengine waliamini, wengine hawakuamini. Sisi hatukushuka baharini kutazama nyaya, kwa hiyo hatutasema zaidi ya hapo. Tutasema yaliyotupata sisi wenyewe.

Siku ile tulikuwa tumeita mkutano wa tawi saa kumi na moja jioni. Ilipofika mchana, tukaona hali ya mji si nzuri, tukaamua kuahirisha. Tukaandika habari katika kundi letu la WhatsApp, kama ilivyo desturi yetu. Habari ile haikwenda. Katibu akaanza kupiga simu kwa mmoja mmoja. Simu za kawaida zilikuwa zikipita, lakini sisi tu zaidi ya mia mbili, na mtu mmoja hawezi kuwapata watu mia mbili kwa saa tatu. Aliwapata kumi na tisa. Tena katika simu yake wengi hawana majina ya kweli: huyu ni "Mama Chapo", yule ni "Kijana wa Zamu ya Usiku". Nyumba ya mtu iko wapi, hajui. Mkewe au mumewe ni nani, hajui.

Basi wenzetu kumi na wanne waliotoka zamu ya asubuhi wakaenda mkutanoni, wasikute mkutano, wakakuta moshi wa kutoa machozi. Mama mmoja mwanachama wetu alianguka katika kukimbia akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa hospitalini mpaka usiku, na watu wa nyumbani kwake hawakuwa na habari, maana hapana mtu katika tawi lote aliyejua wapi pa kupeleka habari. Wiki sita hakufanya kazi. Ndugu zangu, hatuwezi kuilaumu Serikali peke yake kwa mkono ule. Lawama nyingine ni yetu sisi viongozi, na leo tunaikubali mbele yenu.

Sasa tutazame jinsi mtandao unavyozimwa, kwani dawa hutegemea ugonjwa. Kampuni za simu hufanya kazi kwa leseni ya Serikali. Amri ikitoka, kampuni hutii, maana isipotii leseni itakuwa hatarini. Na kuzima kwenyewe kuna namna tatu.

Namna ya kwanza ni kufunga programu fulani tu. Uganda walifunga Facebook, WhatsApp na Twitter siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016. Tanzania walifanya kama hayo wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020. Hapa Kenya, Novemba 2024, Telegram ilizuiwa wakati wa mtihani wa Kidato cha Nne. Katika hali hii wengine hutumia VPN, yaani programu inayopitisha habari kwa njia ya mzunguko.

Namna ya pili ni kuzima intaneti yote, bali simu za kusema na ujumbe mfupi zinabaki. Uganda walifanya hivyo jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya kupiga kura, na ikachukua kama siku tano kurudishwa. Tanzania nao, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kama tano. Hapo VPN haina faida yo yote. Barabara ikivunjwa, hata njia ya mzunguko haipo.

Namna ya tatu ni mbaya zaidi. Kongo, tangu tarehe 31 Desemba 2018, walizima intaneti pamoja na ujumbe mfupi kwa muda wa siku kama ishirini. Misri, tarehe 28 Januari 2011, hata simu za mkononi za kusema zilikatwa, na zikabaki zile za waya za nyumbani na maofisini.

Tena tusisahau fedha. Siku ile ya Februari 2016 Uganda walizuia pia kutuma fedha kwa simu. Fikirini, ndugu: kama jambo hilo likitokea hapa, nani kati yetu ana nauli ya kurudi nyumbani isiyokuwa ndani ya simu? Na huko Kameruni, katika mikoa miwili inayosema Kiingereza, intaneti ilizimwa mwaka 2017 kwa siku 93. Watu ambao kazi yao ni ya kompyuta walilazimika kusafiri mpaka ng'ambo ya mpaka wa mkoa ili watafute mtandao wa kufanyia kazi. Je, mambo hayo si ya mshahara? Mambo hayo ndiyo mshahara wenyewe.

Sasa twende Sudan, maana huko wako wafanyakazi wenzetu waliojaribiwa kwa jambo hili kuliko sisi. Katika siku za utawala wa Omar al-Bashir vyama rasmi vya wafanyakazi vilishikwa na Serikali. Madaktari, walimu, wanasheria, wahandisi na waandishi wa habari wakaunda umoja wao nje ya vyama hivyo. Umoja huo ulikuwa mstari wa mbele katika maandamano, na Bashir aliondolewa tarehe 11 Aprili 2019. Lakini majeshi hayakutaka kutoa madaraka. Tarehe 3 Juni 2019 watu waliokuwa wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum walishambuliwa, wakauawa zaidi ya mia moja. Siku ile ile intaneti ikazimwa. Ilikaa hivyo zaidi ya mwezi mzima, mpaka tarehe 9 Julai.

Wenye amri walidhani kwamba bila mtandao watu watatawanyika kama kondoo. Haikuwa hivyo. Kila mtaa ulikuwa na kamati yake. Watu wa kamati wakagonga milango, wakagawa karatasi, wakaandika kutani, wakafanya mikutano midogo usiku, wakatumia simu za kawaida na ujumbe mfupi. Tarehe 30 Juni, intaneti ikiwa bado imezimwa, watu wengi sana wakajaa barabarani katika miji mingi kwa siku moja. Haukupita mwezi, wanajeshi wakatia sahihi mapatano ya kugawana madaraka na raia.

Hatutawadanganya kwamba mambo yalikwisha kwa heri. Jeshi lilipindua Serikali tarehe 25 Oktoba 2021, intaneti ikazimwa tena, na wito wa mgomo ukatangazwa kwa vipaza sauti vya misikitini. Na tangu Aprili 2023 nchi ile imeingia katika vita vya kusikitisha. Lakini fundisho limebaki: kamati za mitaa hazikuundwa siku mtandao ulipozimwa. Zilikuwako tangu kabla, na watu walikuwa wanajuana kwa sura na kwa nyumba.

Wala jambo hili si geni kwetu. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wapatao elfu kumi na tano, waligoma kwa siku kumi na mbili hivi. Wangapi kati yao walikuwa na simu? Walikutana kiwanjani, wakasikia maneno kwa masikio yao, wakayapeleka majumbani kwa miguu yao. Wazee wetu walikuwa na umoja bila simu. Sisi tuna simu. Tusije tukakosa umoja.

Basi Halmashauri inaleta mashauri sita, nanyi mtayajadili.

La kwanza ni daftari. Kila mwanachama aandikwe kwa karatasi: jina lake la kweli, zamu yake, mtaa anaokaa, na mtu wa nyumbani wa kuarifiwa. Daftari liwe na nakala mbili, zikae penye kufuli, kwa watu wawili mbali mbali. Tunajua daftari kama hili likiangukia mkono mbaya laweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo tusiandike neno lisilohitajika, na mwanachama asiyetaka jambo lake fulani liandikwe asilazimishwe.

La pili ni kumi kumi. Kila wanachama kumi wanaokaa mtaa mmoja wawe na mjumbe wao. Mjumbe azijue nyumba zao, nao waijue yake. Katibu akiwaarifu wajumbe ishirini tu, habari imewafikia watu mia mbili. Simu za kawaida zikiwako, wajumbe watazitumia. Zisipokuwako, watatumia miguu. Kila mjumbe awe na namba za watu wake kumi juu ya karatasi, maana simu ikiisha moto, namba zilizo ndani yake hazina msaada.

La tatu ni mahali na saa. Tukubaliane tangu leo: simu zikikatika, wajumbe watakutana mahali fulani, saa fulani, bila kungoja kuitwa. Mahali hapo na saa hiyo hatutaviandika katika gazeti hili. Kila mjumbe atawaambia watu wake kwa mdomo.

La nne ni fedha taslimu. Mweka Hazina awe na akiba ndogo ya noti katika sanduku, kwa nauli na ugonjwa wa ghafla, na hesabu yake isomwe kila mkutano. Hata mwanachama nyumbani kwake aweke nauli ya siku mbili na bei ya unga. Si fedha nyingi, lakini itamfikisha.

La tano ni vyombo. Redio ndogo ya betri ni kitu kizuri, lakini tusiitegemee peke yake. Tarehe 25 Juni 2025 stesheni za redio na televisheni ziliamriwa ziache kutangaza maandamano moja kwa moja, na baadhi zikazimwa, mpaka Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo siku ile ile. Vijana wetu watatuambia pia juu ya programu kama Briar na Bridgefy, zinazopeleka ujumbe kutoka simu hata simu kwa Bluetooth, bila intaneti. Zafaa kiwandani au uwanjani, kwa mwendo wa makumi ya mita. Hazitafika Nakuru. Ni lazima ziwekwe katika simu kabla ya siku yenyewe, maana mtandao ukishazimwa huwezi kuzipata kwa urahisi. Tena mwaka 2020 wataalamu walionyesha kwamba Bridgefy ilikuwa na udhaifu uliowawezesha wengine kusoma siri, kwa hiyo tuzitumie kwa kujuana tulipo, si kwa siri. Na zile redio za mkononi zataka kibali, na ye yote mwenye chombo kama hicho aweza kusikia.

La sita ni ukweli. Simu zikifa, uvumi huzaliwa. Mmoja atasema kiwanda kimefungwa, mwingine atasema mgomo umeanza, na mtu akiacha kazi kwa sababu ya uvumi anaweza kufukuzwa. Kwa hiyo habari ya chama iandikwe kwa karatasi na kutiwa sahihi na viongozi wawili. Isiyo na sahihi mbili si habari ya chama. Kadhalika notisi ya mgomo, ile ya siku saba inayotakiwa na sheria ya mwaka 2007, ipelekwe kwa mkono na kutiwa sahihi na aliyeipokea, asije tajiri akasema haikumfikia.

Ndugu wanachama, tukisema tujitayarishe, hatusemi tukubali kuzimiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, yatupa haki ya kusema na kupata habari. Kifungu cha 41 chatupa haki ya kuwa na chama na kugoma. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia mtandao usizimwe, na mmoja wa waliokwenda mahakamani alikuwa chama cha wafanyakazi wenzetu, chama cha waandishi wa habari wa Kenya. Tunawashukuru. Nasi tunaomba mkutano huu upitishe azimio la kuwaunga mkono, na kuwaomba wakuu wa chama chetu waulize swali hilo kila watakapokutana na Serikali.

Lakini hukumu ya mahakama huchukua siku, na mama yule alihitaji habari saa ile ile. Leo yuko hapa pamoja nasi, na mkono wake umepona. Amejitolea kuwa mjumbe wa kwanza wa mtaa wake, na majina ya watu wake kumi amekwisha kuyaleta, yameandikwa kwa mkono ule ule. Kalamu ziko mezani pale karibu na mlango. Mtu asitoke kabla hajaandika jina lake.

Umoja ni nguvu.