Kutoka Magadi Hadi Mawinguni

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni

Ninyi mliotoka Mutomo, Mwingi na upande wa Kibwezi, poleni kwa safari. Tunajua wengine mliamka saa tisa usiku.

Tumeombwa kusema machache juu ya kuongoza mradi mkubwa. Tungeweza kuwasomea tena yale ya semina, kazi ya mwenyekiti ni hii na ya mweka hazina ni ile, lakini hayo mnayajua kuliko sisi. Safari hii tutawasimulia habari za mtu mmoja, injinia aliyepanda ngazi mpaka akawa mkubwa wa Kenya Airways. Anaitwa Titus Naikuni. Si Mkamba, ni Mmaasai. Tumemchagua kwa sababu kazi yake ilionekana hadharani, ile iliyofurahisha na ile iliyouma, na kwa sababu tuna lile jambo la lori mezani.

Wazee wa Sultan Hamud, Emali, Makindu na Mtito Andei mnakumbuka yale magari ya moshi yaliyokuwa yakipita na mabehewa ya magadi kuelekea Mombasa. Yalitoka Ziwa Magadi, yakapanda hadi Konza, pale ndipo yakaingia reli kubwa. Magadi hayo si yale tu ambayo mama anatia kidogo kwenye sufuria ili maharagwe yaive upesi. Mengi huenda ng'ambo kutengeneza vioo. Basi Naikuni alianzia huko. Alisomea uinjinia wa mitambo Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1979 akaingia Kampuni ya Magadi Soda kama injinia wa kujifunza kazi. Magadi ni joto, ni vumbi jeupe na chumvi inayokula chuma. Mtambo ukiharibika hapo huwezi kumwita fundi wa jirani, kwa maana jirani hakuna. Alikaa, akapanda daraja moja baada ya jingine, na mwaka 1995 akawa mkurugenzi mkuu, akisimamia pia ile reli ya Konza.

Hapo tusimame kidogo. Kutoka 1979 hadi 1995 ni miaka 16. Vijana wetu wanataka kuwa wenyeviti kabla hawajashika hata daftari la mahudhurio. Tunasema hivi kwa upendo, na wale wanaocheka wanajijua.

Mwaka 1999 Rais Moi alichukua watu kutoka makampuni na mashirika ya nje akawatia serikalini, chini ya Richard Leakey. Magazeti yaliwaita Dream Team. Naikuni akawa katibu wa kudumu katika wizara ya uchukuzi na mawasiliano. Kundi hilo halikudumu, na Machi 2001 lilivunjwa. Akarudi Magadi. Wengine wangekaa Nairobi kungoja kiti kingine, yeye alirudi kwenye mitambo na reli.

Mwanzoni mwa 2003 akaitwa Kenya Airways. Hili shirika lilizaliwa 1977, wakati lile la Afrika Mashariki lilipovunjika. Mwaka 1996 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa zake, KLM ya Uholanzi wakachukua asilimia 26, na wananchi wengi wa kawaida wakanunua hisa. Hata huku kwetu wapo waliouza ng'ombe wakanunua. Kwa hivyo injinia huyu alikabidhiwa mali ya watu, kama vile mweka hazina wetu anavyokabidhiwa lile sanduku la kufuli tatu.

Miaka ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Shirika lilitengeneza faida, likanunua ndege mpya, likafungua safari nyingi za Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Msafiri wa Lagos au Kinshasa anayekwenda Dubai au China alipitishwa Nairobi. Kibwezi kule, mkulima anayechuma karela, bamia na pilipili za kupeleka Ulaya anajua maana yake: mboga hiyo haingoji meli. Isipopata nafasi ndani ya ndege inaozea kwenye makreti.

Kisha ikaja ile usiku ya tarehe 5 Mei 2007. Ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kamerun, kukiwa na mvua na giza, na muda mfupi baadaye ikaanguka kwenye kinamasi. Watu wote 114 walikufa. Ilichukua zaidi ya siku moja kuipata, ingawa haikuwa mbali na uwanja. Na haikuwa ndege kuukuu, ilikuwa haijamaliza hata mwaka mmoja kazini. Uchunguzi ulionyesha kwamba marubani walipoteza mwelekeo gizani, ndege ikalala upande bila wao kutambua kwa wakati. Naikuni ndiye aliyesimama mbele ya waandishi wa habari na kusema lililojulikana na lisilojulikana, jamaa za abiria wakisikiliza. Hakumtuma karani. Tunalitaja hili kwa sababu katika vikundi vyetu pesa zikipotea, mwenyekiti ndiye wa kwanza kuugua tumbo siku ya mkutano.

Sasa tuje kwenye pesa, ndiko tunakokwenda.

Ndege inakunywa mafuta, na bei ya mafuta inapanda na kushuka. Ili wasishtukizwe, mashirika ya ndege hupatana bei mapema. Ni kama kikundi kipatane na mwenye duka mwezi wa Julai kwamba Desemba kitanunua mahindi kwa bei fulani kwa gunia, liwe jua iwe mvua. Njaa ikiingia na bei ikapanda, umeokoka. Lakini mvua ikinyesha vizuri na mahindi yakajaa sokoni, wewe bado unalipa ile bei ya juu, maana ulitia sahihi. Mwaka 2008 mafuta yalipanda mwezi wa Julai hadi karibu dola 147 kwa pipa. Kabla mwaka haujaisha yalikuwa yameshuka chini ya dola 40. Kenya Airways ilikuwa imefungwa na mikataba, na kwa mwaka ulioishia Machi 2009 ikatangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 4. Si wao peke yao, mashirika mengi duniani yaliumia vivyo hivyo. Tusilicheke. Nani kati yetu hajawahi kununua mbuzi wakati wa bei mbaya?

Shirika lilinyanyuka tena. Likaingia SkyTeam mwaka 2010, umoja wa mashirika makubwa ya ndege. Ndipo ukaja ule mpango mkubwa ulioitwa Mawingu. Wakati huo shirika lilikuwa na ndege zisizofika 40. Mpango ulisema katika miaka 10, kufikia 2021, ziwe zimepita 100, na ziende kila bara penye watu. Mwaka 2012 wenye hisa waliombwa kutoa pesa za nyongeza, shilingi bilioni 20.7. Zilipatikana kama bilioni 14.5. Hapo wangeweza kukaa chini na kupunguza mpango ulingane na mfuko. Ndege kubwa ziliendelea kuja, nyingi kwa mkopo na kwa kukodi: zile Boeing 777 zinazobeba watu wapatao 400, na kutoka 2014 zile 787. Mwaka huo huo wa 2012 wafanyakazi karibu 600 waliachishwa kazi, kesi zikaenda mahakamani.

Tena shida hazikuja moja moja. Agosti 2013 jumba la kufikia wageni katika uwanja wa Jomo Kenyatta liliteketea. Septemba ikawa Westgate. Watalii wakaonywa na serikali zao wasije Kenya. Mwaka 2014 Ebola iliingia Afrika Magharibi, safari za Liberia na Sierra Leone zikasimamishwa, kumbe huko ndiko shirika lilikokuwa limepanda mbegu zake. Na mashirika ya Ghuba yalikuwa yakiwabeba abiria wale wale kwa nauli ya chini.

Ukimwuliza mtu, Naikuni ana hatia? Wengine watasema ndiyo, wengine watasema ni moto na Ebola. Seneti iliunda kamati mwaka 2015 chini ya Profesa Anyang' Nyong'o kuchunguza jambo hilo, na bado watu wanabishana. Sisi tunaona hivi: moto na ugonjwa hakuna aliyeviona vikija, lakini mpango ambao hauna nafasi ya mwaka mmoja mbaya ulikuwa na kasoro siku ulipoandikwa. Na hakuuandika peke yake. Bodi ilikaa, ikasoma, ikakubali. Wenye hisa waliombwa, wengi wakatoa. Wote walikuwa wamezoea kuona mtu huyu akifaulu, na mtu aliyezoea kufaulu ni vigumu kumwuliza maswali. Hata hapa kwetu ni hivyo. Mwenyekiti aliyetuchimbia silanga la kwanza, nani atamwambia silanga la pili limekaa pabaya?

Naikuni alistaafu mwishoni mwa 2014. Aliyemrithi ni Mbuvi Ngunze, jina ambalo hapa hatuhitaji kulieleza linatoka wapi. Alikabidhiwa mzigo. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2015 ilikuwa bilioni 25.7, na ya mwaka uliofuata ikapita bilioni 26. Mwaka 2016 zile 777 zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na nafasi ya kutua London ikauzwa. Ndege za fahari zikaenda kubeba abiria wa wengine, kwa maana zikibaki chini Embakasi zinakula pesa tu. Mwaka 2017 mabenki yaligeuza madeni yao kuwa hisa, na mwananchi aliyenunua 1996 akakuta sehemu yake imekuwa kama chumvi ndani ya mto Athi. Faida haikuonekana tena mpaka hesabu za 2024, shilingi bilioni 5.4, na nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi hasara, ndege 3 kubwa zikiwa zimesimama chini.

Shikeni hilo la ndege kusimama. Kitu ulichonunua kwa mkopo unakilipia hata siku ambazo hakifanyi kazi. Benki haiulizi kama ndege iliruka.

Sisi wenyewe tunalijua kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha kando ya mto kilitaka pampu ya maji. Ya kadiri ingetosha. Muuzaji akawaonyesha kubwa, inayoweza kumwagilia mara nne ya shamba lao, akasema mtakua mpaka mtaifikia. Ofisi yetu iliiona ile karatasi. Tulipiga makofi, tukapiga na picha. Msimu wa kwanza pampu ilikunywa dizeli kuliko nyanya zilivyoleta, na mto ukapungua kabla ya wakati. Ikafungwa. Leo iko chini ya magunia kwenye banda la mwanachama, na akina mama wawili waliuza mbuzi wao kumalizia deni. Hakuna aliyeiba. Wote walikuwa watu wema, nasi tukiwamo.

Basi hili lori. Vikundi 14 mmesema mnataka kulinunua pamoja, kwa mkopo, na akiba ya vikundi vyote iwe dhamana. Sababu zenu tunazielewa. Madalali wa ndengu wanakuja na mizani yao na bei yao. Maembe yanaozea chini ya mti kwa kukosa gari. Hatukuja kuwakataza. Ila tumeiangalia ile hesabu iliyoandikwa na kamati, na tumeona ya kwamba inahesabu safari za Desemba hadi Machi, maembe na ndengu zikiwa nyingi, kisha inazidisha kana kwamba mwaka mzima ni Januari. Tunawauliza, Aprili hadi Novemba litabeba nini? Mchanga? Mawe? Wenye malori ya mchanga wako tayari barabarani, na lori lao halina deni. Na ikiwa mvua za Novemba hazikunyesha, kama tulivyozoea huku, hata ile Januari itabeba nini?

Yule injinia wa Magadi alipofundishwa kazi, jambo la kwanza ni kuuliza mtambo unaweza kubeba kilo ngapi kabla haujavunjika, kisha unaupa mzigo mdogo kuliko huo. Ndivyo mainjinia wote wanavyofundishwa, wa daraja, wa bwawa la mchanga, wa ndege. Hesabu ya lori hatujaifanya hivyo. Tumeuliza lori linaweza kuleta ngapi, hatujauliza vikundi vinaweza kupoteza ngapi na bado vikabaki vikundi.

Kuna njia ndogo ambayo mama mmoja wa Mutomo alitutajia asubuhi: kukodi lori msimu mmoja, vikundi 5 tu, na kuandika kila safari, mafuta, na siku liliposimama. Kamati haikuipenda. Ilisema ni aibu kukodi wakati vikundi vya wilaya nyingine vina gari lenye jina ubavuni. Tunaomba mama huyo asimame aeleze mwenyewe baada ya chai, na asikatizwe.

Katibu anazo nakala za ile hesabu. Kila kikundi kichukue moja. Tumechora nguzo 12, moja kwa kila mwezi, na malipo ya mkopo tayari yameandikwa katika zote 12. Ninyi mjaze kazi. Anzeni na Aprili.